Mzee Hodi Atua Mkoba

Tarehe 31 Desemba 2008, Mzee Kimaiyo anastaafu baada ya kuitumikia Paresh Systems ya Nakuru kwa miaka ishirini na tisa. Wafanyakazi wapya wanamjua kama mkuu wa huduma za mikataba. Sisi wa zamani tunamwita Mzee Hodi, naye huitika bila kinyongo. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi kwa sababu nakaa mapokezi, na mtu wa mapokezi huaminiwa kuwa anajua habari za kila mtu. Ni kweli, tunazijua. Kuzipanga ndiyo kazi, kwa hivyo mnivumilie.

Alizaliwa Olenguruone, juu kule Mau, akaja mjini akiwa kijana mwembamba mwenye koti la kuazima. Mzee Paresh, mwanzilishi wa kampuni hii, alikuwa na chumba kimoja karibu na soko na kazi ya kutengeneza taipureta. Alimpa Kimaiyo taipureta iliyofunguliwa vipande vipande, akamwambia airudishe ilivyokuwa. Kimaiyo aliirudisha, ikaandika vizuri kabisa, lakini skurubu moja ikabaki mkononi mwake. Kijana mwingine angeitia mfukoni akanyamaza. Yeye aliiweka mezani mbele ya tajiri. Mzee Paresh alimwajiri papo hapo, akisema fundi anayeonyesha skurubu iliyobaki hawezi kumwibia mtu. Mpaka leo hakuna anayejua skurubu ile ilitoka wapi.

Taipureta zikazeeka, kompyuta zikaja, na Kimaiyo akaenda Nairobi kujifunza upya akiwa tayari na mvi za kwanza. Aliporudi aliikuta kampuni ikiishi maisha ya ajabu kidogo. Tulikuwa tunakula wateja wakilia. Radi ikipiga upande wa Molo na modemu zikiungua, hapa ofisini kulikuwa na shangwe. Kukipita miezi bila radi wala virusi, mishahara ilichelewa na tukaanza kuangalia mawingu kama wakulima.

Wateja wetu wengi, kama mjuavyo, ni kampuni za washauri: wapima ardhi, wakaguzi wa hesabu, wataalamu wa kilimo na wa mazingira. Mshauri hauzi mahindi wala misumari. Mali yake yote ni ripoti, na ripoti zake zote zimo ndani ya kompyuta. Kompyuta ikifa, anabaki mtu tu aliyevaa tai. Kimaiyo aliwaona wakitokwa machozi kaunta kwetu, watu wazima wenye digrii, na hakupenda kabisa kwamba machozi yale yalikuwa ndiyo unga wetu.

Mwaka wa 2002 alisimama kwenye mkutano, mtu ambaye kwa kawaida hasimami, akasema kwamba kwao Olenguruone josho hulipiwa ng'ombe akiwa mzima. Hakuna anayengoja kupe wamwangushe mnyama ndipo atafute dawa. Basi mteja naye alipe kidogo kila mwezi, na sisi tuzitunze mashine zake, tuzilinde na virusi, na kila jioni tuhifadhi nakala za kazi zake kwenye seva zetu hapa mjini. Mashine ya mteja ikiungua, kazi yake iko kwetu, salama salimini.

Wateja walicheka. Kumlipa fundi na hakuna kilichoharibika? Wengine walimwuliza kama pia wamlipe mganga kwa kuwa hawajaumwa. Alivumilia. Alizunguka Njoro, Gilgil mpaka Naivasha na hadithi yake ya josho, na wale waliokulia shambani walimwelewa kwanza. Mmoja akatia sahihi, akamwambia mwenzake, na polepole wakajaa kama maji ya kisima. Leo mishahara yetu sote, tangu bosi hadi mlinzi wa langoni, inatoka kwenye ile mikataba ya kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Radi ikipiga siku hizi tunasikitika kama binadamu wengine.

Lakini mkataba wa aina hii una tatizo lake, na ni Kimaiyo aliyeling'amua. Ukiufanya vizuri, hakuna kinachotokea. Simu hailii, mteja hakumbuki kama upo, na mwisho wa mwaka akiona ankara anauliza hawa ni akina nani. Ndipo akaanzisha ile desturi iliyompa jina. Kila mteja alipewa siku yake ya mwezi, na siku hiyo Kimaiyo alibisha hodi, pawe pameharibika kitu au pasiwe. Mkoba wake wa ngozi ulikuwa na bisibisi na brashi ya kupaka rangi, ile ya kawaida ya dukani, ya kupangusa vumbi ndani ya mashine. Alikuwa na sharti moja alilotufundisha sote: kompyuta haiguswi kabla hujauliza habari za watu. Watoto wako shule? Mama alitoka hospitali? Yule mbwa alirudi? Chai ikija, unakunywa. Ndipo unaomba kuiona mashine.

Kuna ofisi moja ya wakaguzi wa hesabu ambako kompyuta ilizimika kila siku mchana. Mafundi wawili walienda wakashindwa. Kimaiyo alipofika alikuta katibu wa pale ameifumia kitambaa cha maua, kizito, cha kuifunika mashine yote hata ikiwa inafanya kazi, kama tunavyofunika redio na viti nyumbani. Maskini kompyuta ilikuwa inakufa kwa joto. Hakumgombeza yule mama. Alikisifu kitambaa, akakishika, akakigeuza, akasema kwake hakuna mtu wa kumfumia kitu kizuri hivyo, na akaomba apewe. Alipewa. Kompyuta ikapona. Kitambaa chenyewe kiko juu ya meza yake hadi leo, na nimeambiwa ndicho kitu cha kwanza alichopakia.

Hayo maneno, kwamba kwake hakuna mtu wa kumfumia, tuliyacheka ofisini kama ujanja wa biashara. Haukuwa ujanja. Mkewe alifariki mwaka wa 2003, na binti yake wa pekee ameolewa mbali. Tangu hapo Mzee amekuwa akiishi peke yake Lanet, kwenye nyumba ambayo jirani zake ni wanajeshi wanaohamishwa kabla hujayajua majina ya watoto wao. Tulimsifu kwa kufanya kazi hadi jioni. Ukweli ni kwamba mtu asiye na anayemngoja nyumbani hana haraka ya kufika. Siku za Krismasi alikuwa anakuja ofisini kuangalia seva. Jamani, seva haiangaliwi Krismasi. Tulijua, na kila mtu alikwenda kwao kula nyama.

Kati ya wateja wake wote kulikuwa na Bi. Wangeci, ambaye siku yake ilikuwa Jumanne ya kwanza ya mwezi. Alikuwa mshauri wa mazingira, mama wa makamo asiye na mume wala mtoto, aliyefanya kazi peke yake katika nyumba yake ng'ambo ya Kariandusi, ambako vumbi jeupe la machimbo huingia hata kwenye sukari. Kompyuta yake ilihitaji kupanguswa kuliko nyingine zote. Kazi yenyewe haimalizi hata robo saa, lakini Jumanne hizo Mzee alikuwa harudi ofisini kabla ya saa tisa, na alivaa koti lililopigwa pasi. Tulimtania mpaka tukachoka. Alijibu kwamba barabara ni mbaya. Siku moja alirudi na viazi vitamu kwenye mkoba, vikiwa bado vya moto, akatugawia kimoja kimoja bila kusema vimetoka wapi. Mimi nilimwangalia nikasema moyoni, haya, Mungu ni mkubwa.

Mwaka wa 2007 Sanjay, mwana wa Mzee Paresh, alishika kampuni na kutuletea mtambo mpya. Kwenye skrini kubwa ukutani kila mteja alikuwa na nukta yake. Saa kumi na mbili jioni mashine za wateja zilituma kazi ya siku kwenye seva zetu kupitia mtandao, zenyewe, bila mtu kubonyeza kitu. Kazi ikifika nukta inakuwa ya kijani. Isipofika inakuwa nyekundu, nasi tunapiga simu kuuliza kulikoni. Kimaiyo ndiye aliyeufunga mtambo huo, na aliupenda kuliko hata Sanjay. Jioni alisimama mbele yake mikono nyuma, akiwaona wateja wake wakigeuka kijani mmoja mmoja, kama mchungaji anayehesabu mifugo ikiingia boma.

Kisha Januari ikaja, na ghasia za baada ya uchaguzi. Sitaieleza, sote tulikuwa hapa. Ilifika mahali jina la mtu ndilo lililoamua barabara atakayopita. Sanjay alifunga safari zote za wateja, na kwa haki kabisa. Mzee hangeweza kufika Kariandusi, na hata Lanet kwake ikawa shida, akawa analala kwenye godoro nyuma ya stoo, peke yake na zile feni za seva zikivuma. Alizilinda seva zenye kazi za watu zisizimike wakati wenyewe wako kambini au wamekimbilia kwa ndugu. Wengi waliporudi Machi walikuta ofisi zimevunjwa, lakini kila ripoti, kila ramani, kila barua iko kwetu. Walipotia sahihi mikataba upya walisema waziwazi kwamba ni kwa ajili yake. Kampuni hii ilivuka mwaka huu kwa sababu hiyo, na ningeacha hapo kama wasifu ungekuwa wa sifa tu.

Mtakumbuka kwamba mwezi huo wa Januari kadi za simu zilikuwa haba madukani. Mzee alikuwa na salio la kubana. Kila jioni alitazama skrini, na waliokuwa na nukta nyekundu aliwapigia: uko wapi, uko salama, watoto wako na nani. Wa kijani alimshukuru Mungu kwa ajili yao, akahifadhi salio. Bi. Wangeci alikuwa kijani. Alikuwa kijani Januari yote, na Februari yote, jioni baada ya jioni.

Jumanne ya kwanza ya Machi barabara zilikuwa zimetulia. Mzee alipiga koti pasi, akanunua brashi mpya, akaenda. Alikuta geti limefungwa kwa kamba ya katani. Jirani alimfungulia, akamweleza kwamba mama yule alishikwa na kifua katikati ya Januari, gari la kumpeleka hospitali halikupatikana, na akafa mle ndani kabla watu hawajajua. Ndugu zake wa Kinangop walimzika harakaharaka, kama watu walivyozikwa siku zile. Ndani ya chumba chake cha kazi kompyuta ilikuwa bado inawaka. Feni yake ilikuwa imejaa vumbi jeupe. Hakuna aliyejua kuizima, na stima haikukatika, kwa hivyo kila jioni ilikuwa inatuma kazi za mtu aliyekwisha kuzikwa, na sisi huku mjini tunaona kila kitu kiko sawa.

Aliipangusa. Akaiacha ikiwaka. Alirudi ofisini kabla ya saa kumi na mbili, akavuta kiti mbele ya skrini, na nukta ile ikawa kijani. Nilimwekea chai, hakuigusa. Alisema neno moja tu, na sidhani alikuwa ananiambia mimi. Alisema, "Niliwapigia wekundu." Nilikaa naye mpaka mlinzi alipokuja kufunga.

Wiki iliyofuata aliwapelekea ndugu wa marehemu nakala za kazi yake yote, akaizima ile mashine kwa mkono wake. Tangu siku hiyo amebadilika. Mizaha ipo, lakini anaikatiza njiani. Safari za hodi alizirudisha zote, na akaongeza: hata ofisi zilizobaki bila watu alibisha, akasubiri kidogo, akaacha salamu zake kwa jirani. Kule Kariandusi nako alipita Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Tulijua. Hakuna aliyethubutu kumtania tena kuhusu koti.

Sasa ndugu zangu, Oktoba hii Sanjay alitangaza kwamba mikataba ya mwaka ujao haitakuwa na ziara. Si mtu mbaya, Sanjay. Petroli imepanda, mafundi wanashinda barabarani, na karibu kila kitu kinaweza kutengenezwa kupitia mtandao. Alimwambia Mzee kwa heshima kwamba mambo ya hodi ni ya kitambo, siku hizi anaweza kuitengeneza mashine ya mtu wa Naivasha akiwa hapa amevaa soksi. Mzee hakubishana. Alikuwa anaondoka baada ya miezi miwili; angebishana kama nani?

Tulipoanza kuchanga kumnunulia viti vya sebuleni, alisikia, akaja mapokezi akaniambia tusinunue. Anarudi Olenguruone, kwenye shamba la babake, nyumba iliyo peke yake kule juu ya ukungu. Wenzake wa rika wameisha, na amekaa mjini muda mrefu hata vijana wa huko humwita mgeni. Viti vya nini, aliuliza, nani atavikalia? Kama tunataka kumpa zawadi, aliomba moja tu: hodi isife. Kwenye mkutano wa wafanyakazi aliirudia mbele ya Sanjay. Sanjay akasema atafikiria. Sote tunajua bosi akifikiria huwa ameshakataa.

Aliyegeuza mambo ni Mzee Paresh. Siku hizi hatoki, magoti yanamsumbua, lakini alisikia, akaagiza gari, akapandishwa ngazi na watu wawili. Alimwambia mwanawe kwa Kiswahili, sote tusikie: "Wewe napiga simu kila siku, nauliza, baba umekunywa dawa? Mimi nasema ndiyo. Nikisema ndiyo, wewe nafurahi. Kimaiyo tu ndiye napanda juu kwangu na kuangalia kama dawa iko ndani ya kopo bado." Kisha akaomba maji. Kumbe miaka yote hii, katika wateja wake, Mzee Kimaiyo alikuwa ameweka siku moja ya mwezi kwa ajili ya mzee mwenzake huyu, kwake Milimani, na hakumwambia mtu.

Sanjay alimletea babake maji mwenyewe. Asubuhi yake mkataba mpya ulirudi mezani kwangu, ziara zimerudishwa, na jina lake mwenyewe limo kwenye zamu. Juma lililopita alikwenda Gilgil na mkoba. Alirudi jioni amechoka, ameshiba, na ana habari za mbwa wa mtu.

Basi Mzee wetu, maneno ya mwisho ni yako. Asante kwa skurubu, kwa josho, kwa machozi ya wateja uliyoyafuta kabla hayajatoka. Asante kwa godoro la stoo. Pale Kariandusi hukukosea kwa kutojali, ulikosea kwa kuamini kazi ya mikono yako, na sote tuliiamini nawe. Umebeba hilo peke yako muda wa kutosha. Tunakuombea siku njema, ng'ombe wa maziwa, mvua ya kiasi, na majirani wenye kelele.

Tumegawana wateja wako. Mimi, ambaye sijui hata kushika bisibisi, nimeomba upande wa Olenguruone. Sanjay aliniuliza, mbona kule hatuna mteja? Nikamwambia tunaye mmoja. Kwenye skrini hatukukuwekea nukta, na hatutakuwekea. Jumanne ya kwanza ya Januari nitakuja nibishe hodi, na nitangoja hapo mlangoni mpaka ufungue wewe mwenyewe.

Jepkoech, Mapokezi
Kwa niaba ya wafanyakazi wote